Vipimo vya Nyumba ya Bwana Mizani

Nimetumwa na halmashauri, na futi kamba ya mita thelathini,
karatasi za miraba, penseli mbili, barua yenye muhuri:
Chora nyumba ya shamba la mkonge, juu ya Mto Lukuledi,
kabla masika hayajaimaliza.

Nimepanda. Kuta zipo.
Unene wake shibiri tatu na nusu, matumbawe na udongo mwekundu,
chokaa imebanduka kama ngozi ya kidonda kinachopona.
Baraza pande tatu, nguzo za mviringo,
sakafu imeinamishwa kidogo, maji yasisimame.
Aliyeijenga alijua kazi.
Upande wa nne, unaotazama yalipokuwa makambi ya manamba,
hauna baraza wala dirisha.
Una tundu moja, kimo cha kifua.
Hapo ndipo mshahara ulipotokea.
Nimelipima: sentimita kumi na mbili kwa tisa.
Mkono unaingia.
Uso hauingii.

Nimechora hayo, kisha penseli ikagoma,
maana nyumba haina mlango, haina ngazi,
haina paa, haina boriti hata moja;
ghorofa ya juu imebaki safu ya mashimo ukutani,
ufizi uliong'olewa meno,
na katika chumba cha chakula mkorosho umejiotea.

"Unatafuta mlango?"
Somoe Nangumbi, kaja kuokota korosho.
"Mlango uko kwangu. Analalia mwanangu."

Nikashuka naye.
Nikaupima mlango umelazwa juu ya mawe manne,
mninga mtupu, mita mbili na robo.
Mwaka umechongwa upande wa kichwani:
elfu moja mia tisa na kumi na...
tarakimu ya mwisho imesuguliwa na kisogo cha mtoto.

Ngazi ilikuwa na vipandio kumi na vinne.
Saba viko madrasa, wanafunzi wanavikalia,
kimoja bado kinalia akikikalia mzito.
Vinne kwa Mzee Chilumba, anapandia darini kwenye mtama.
Vitatu viliivisha ubwabwa wa arusi ya nani, hawakubaliani.
Boriti za mikoko nilihesabu mashimo ishirini na sita,
nikapata boriti kumi na tisa,
jiko kwa jiko, nyeusi kwa moshi, nikizipima machozi yakinitoka,
wenye majiko wakinicheka.
Beseni la kuogea, la chuma, lenye miguu ya simba,
analo fundi Mkwinda. Anakorogea zege.
Hukodisha pia, kwa siku.

"Na ile mizani ya kupimia mkonge,
iliyompa Bwana jina?"
Watu wakatazama pembeni.
Mmoja akakumbuka mbuzi wake hajafungwa.

Nikasema, kwa sauti ya serikali,
kwamba mali hizi zilipaswa kuandikwa.
Somoe hakukasirika. Alikuwa anabangua korosho,
vidole vyeusi kwa utomvu.
"Chokaa ya nyumba ile aliichoma babu yangu.
Siku kumi na mbili hakulala, tanuri lisizime.
Kwenye kipande chake wakaandika siku tisa.
Sisi hatukuiba, mwanangu.
Tulikwenda kuchukua siku tatu."

Usiku nimekaa na kibatari na karatasi zangu.
Ramani inataka mstari unaofunga,
nami kila nikifunga ukuta, kuna kitanda nje yake,
kuna darasa, kuna chungu kinachochemka.
Nimeunganisha karatasi sita kwa gundi,
nyumba imefika kisimani, imevuka barabara ya Mingoyo,
na bado sijafika kwenye mabati.

Kwenye kona, panapotakiwa skeli, sijaandika kitu.
Asubuhi, nikiaga, Somoe alinisindikiza hadi mtoni,
akanionyesha mahali maji yanapozunguka bila kelele.
"Hapa pana kina," akasema.
"Hapa usipapime."